Aliyechora Theluji

Karani wa mahakama alikuwa na miaka hamsini na miwili, na robo karne nzima kazi yake ilikuwa moja: kuandika kilichosemwa, neno kwa neno, hata kama msemaji alijikwaa. Wakili akimwomba, "Hapo weka vizuri kidogo," yeye humjibu, "Siweki vizuri. Naweka kilichosemwa." Ndiyo maana ofisini walimbandika jina la Kauli.

Huyo Kauli ndiye aliyenaswa na katuni. Lawama zilikuwa za dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu, aliyevunjika nyonga akahamia kwake kuuguzwa. Miezi mitatu kitandani si mchezo. Redio ilimchosha, wageni wakamchosha zaidi. Siku moja akaangukia kwenye simu anime moja, yaani katuni ya Kijapani, ya ndugu wawili wa kike wanaofua kengele katika mji wa milimani ambako theluji haikomi. Siku ya pili tu, Kauli naye alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, sahani mkononi, chakula kimepoa.

Mumewe, fundi wa friji, alichungulia mlangoni akacheka. "Watu wazima na katuni! Kesho mtaniomba pipi."

"Pita tu, shemeji," dada akamjibu bila kugeuka. "Friji zinakungoja."

Kauli akaitafuta katuni hiyo kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuiandika na kuirekebisha. Makala ya Kiswahili ilikuwa na mistari minne, miwili kati yake makosa matupu. Ikamkera kama jalada lililoandikwa na mlevi. Akajisajili. Wiki sita, kila mapumziko ya mchana, aliandika: hadithi, wahusika, muziki, watazamaji walivyoipokea. Kila sentensi aliiwekea chanzo.

Dada ndiye aliyechokoza nyuki. Jumamosi moja mchana walikuwa wameanza msimu wa pili, akaamuru picha isimamishwe.

"Mdogo wangu, theluji hii imekufa."

"Imekufaje, dada?"

"Ile ya mwanzo ilikuwa na bluu ndani yake, na kijivu. Ukiitazama unatafuta shuka. Hii ni chokaa tu. Mchoraji siye yule."

Kijapani hawakukijua, lakini macho walikuwa nayo. Wakayaweka majina yanayopita mwishoni mwa misimu yote miwili, upande kwa upande, kama mtu anayelinganisha sahihi. Mstari mmoja wa msimu wa kwanza haukuwepo tena. Simu ikawatafsiria: mchoraji wa mandhari. Jina la mwanamke.

Kauli akaifungua kamusi elezo. Makala yake ilisema theluji ile ilikuwa kazi ya mikono ya mwongozaji mwenyewe. Habari hiyo alikuwa ameitoa kwenye kitabu rasmi cha studio iliyotengeneza katuni, akaamini.

Akawauliza wahariri wa toleo la Kijapani la kamusi hiyo. Mkutubi mmoja wa huko akamtumia picha ya ukurasa wa jarida la zamani, na wafasiri wawili wasiojuana wakamfasiria. Humo mwanamke yule alisema alichora mandhari yote ya msimu wa kwanza kwa rangi za maji. Baadaye, alisema, alilalamikia saa za kazi, akaondolewa, na kitabu kikatoka bila jina lake.

Kauli akaongeza aya moja. Studio inasema hivi. Mchoraji anasema hivi. Majina ya mwishoni yanaonyesha hivi. Akaipeleka makala ihakikiwe, ipewe nyota ya makala bora.

Mhakiki aliyejitokeza aliitwa Panga, maana hakupita kwenye makala bila kukata. Haki yake apewe: alijua kazi. Alimwonyesha kwamba ameandika kuwa katuni ina sehemu ishirini na sita, ilhali zilizorushwa kwenye televisheni ni ishirini na nne. Mbili ziliuzwa kwenye diski tu. Kauli akakagua, akajibu: "Kosa ni langu. Nimerekebisha. Asante."

Kisha Panga akaandika: "Aya ya mchoraji itoke. Ni umbea wa kazini. Kitabu rasmi kimeshasema."

"Kitabu ni maneno ya upande mmoja," Kauli akajibu. "Jarida ni maneno ya upande wa pili. Nimeweka yote, sijahukumu."

"Hapa si mahakamani, mama. Ni katuni tu. Toa aya, upate nyota. Ukiiacha, naifelisha leo."

Aliusoma ujumbe huo kwenye kiti chake cha kazini. Jioni akawasomea nyumbani. Mumewe akakuna kidevu. "Si ukate tu? Aya moja! Mwenye nguvu mpishe."

"Nimewapisha wenye nguvu maisha yangu yote," Kauli akasema. "Lakini kumfutia mtu maneno yake, sijawahi. Unakumbuka nilivyokataa kuyaruka maneno ya yule shahidi? Mwaka mzima walinitupa stoo ya majalada, nakohoa vumbi. Sasa leo nisalimu amri kwa Panga?"

Mume akakumbuka ule mwaka. Akaacha habari ya kukata.

"Mjibu," dada akasema. "Tena mfupi. Mtu wa namna hiyo ukimwandikia barua ndefu anadhani unambembeleza."

Kauli akaandika: "Aya haitoki. Nyota bakini nayo."

Panga akaifelisha makala, tena akaifuta aya kwa mkono wake. Kauli akairudisha. Panga akaifuta tena. Safari hii Kauli hakuishia kurudisha. Alifungua mjadala, akawaita wahariri wote, akawawekea picha ya jarida, tafsiri zote mbili na majina ya misimu yote. Wakaja saba. Wawili waliona anakuza mambo. Mmoja akauliza kwa nini mwanamke aseme mwenyewe kazi aliyoifanya, halafu aitwe mmbea. Baada ya siku tisa wakaamua: aya ibaki, na asiiguse mtu bila chanzo kipya. Nyota haikutolewa.

"Wamekunyima," mumewe akasema kwa upole.

"Wameinyima makala. Mimi sikuomba kuvikwa."

Dada, ambaye sasa alitembea na mkongojo hadi sebuleni, alikuwa ameshika simu. "Nimebonyeza jina la huyu mchoraji hapa kwenye makala yako. Wanasema ukurasa huu haupo. Eti unataka kuuanzisha?"

"Lete," Kauli akasema.

Alikuwa hajamaliza sentensi ya tatu Panga alipotokea kwenye ukurasa wa majadiliano: "Huyu naye ana umuhimu gani?"

Kauli akavuta kiti karibu na meza. "Subiri hapo hapo," akaandika, "nakuja na vyanzo."