Pijo la Mwalimu Klachi

Kama yupo mtu aliyewahi kuuza gari kwa hasira kisha akalala usingizi mnono, basi mtu huyo si Mwalimu Klachi.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika mtaani hata karani wa posta hakulijua. Alifundisha udereva maisha yake yote, na kwa kuwa neno lililomtoka kinywani mara nyingi kuliko yote lilikuwa "klachi!", wanafunzi wakampa neno hilo liwe jina lake. Hakununa. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kuwabandika wenzake majina. Mwanafunzi wake mmoja, mshona nguo, alimbandika jina la Bibi Breki, kwa sababu mama huyo alisimamisha gari kwa kuku, kwa jani lililopeperuka, na mara moja kwa kivuli cha gari lenyewe.

Maishani mwake Mwalimu alipata kumiliki magari matatu. La kwanza lilikuwa folksi, lile la mgongo wa kobe, akaliuza apate kuoa. Hilo hakulijutia, maana alitoa kobe akapata mke, na katika biashara kama hiyo anayepunjwa ni yule aliyebaki na kobe. La pili lilikuwa Datsun, akaliuza binti yake alipoingia chuo. Hilo alilikumbuka mara mojamoja, kama jirani mwema aliyehama. La tatu ndilo Pijo.

Hilo lilikuwa jeupe la maziwa, lenye pua ndefu na viti vilivyounguza mapaja jua likipanda. Kwenye kiti cha mbele kushoto, miguuni pa mwalimu, palikuwa na pedali mbili za ziada, breki na klachi, ili mwanafunzi akipotewa na akili, mwalimu awe na ya akiba. Ndani ya gari hilo alifundisha nusu ya mji. Yeye kushoto, mwanafunzi kulia, asubuhi hadi jioni, jua na mvua.

Akaliuza kwa sababu ya kicheko. Karibu na soko kulikuwa kumefunguliwa shule mpya ya udereva, magari yake yana kiyoyozi na gia zinazojibadilisha zenyewe, na wanafunzi wa Mwalimu wakawa wanapukutika. Asubuhi moja akaja karani wa benki kuulizia mafunzo. Akalizunguka Pijo, akaligonga bodi kwa kidole, akacheka. "Mwalimu, hili si lingefaa makumbusho?"

Mwalimu alimfukuza. Kisha, ili ulimwengu wote ujue kwamba hababaishwi na bati, akampigia simu dalali, na kabla ya adhuhuri Pijo likawa limeondoka. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwepo asubuhi ile kumshika mkono. Dalali aliporudi siku ya pili kuchukua tairi la akiba lililosahaulika, alimkuta Mwalimu amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, katikati ya banda tupu, anatazama doa la oili. Mwalimu alimuuliza gari limepelekwa wapi. Dalali akasema limekwenda mbali sana. Madalali wana huruma yao.

Mkewe alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, na binti yao alikuwa ameolewa mbali, ng'ambo ya mipaka miwili. Nyumba ikabaki na mtu mmoja, kikombe kimoja na redio iliyozungumza peke yake toka asubuhi. Majirani walipita, "Hujambo Mwalimu?" "Sijambo." Basi, mazungumzo ya siku yamekwisha. Hapo ndipo alipoelewa alichouza. Watu wawili waliokaa ubavu kwa ubavu, wote wakitazama barabara, huambiana mambo ambayo wakitazamana usoni wasingeambiana. Mabibi harusi walimwambia kwamba wanaogopa. Mwanajeshi mmoja alilia kwenye mzunguko wa barabara, akakata kushoto vizuri kabisa huku analia. Kwa miaka yote ile Mwalimu hakuwa mpweke hata siku moja, na hakuwahi kumshukuru mtu, kwa kuwa alidhani wale watu wanakuja kwa ajili ya leseni.

Sasa hakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba mvua imenyesha. Akajishikiza kwenye wazo moja kama mtu anavyoshika bomba la basi. Aliamini kwamba Pijo likirudi bandani, watu watarudi pamoja nalo. Ni wazo la kitoto, naye alilijua hivyo, lakini mtu mzima akikosa la kushika hushika hata la kitoto.

Ikawa siku moja, miaka kadhaa baadaye, yuko duka la dawa ananunua dawa ya macho, akasikia injini nje. Hakuhitaji kuona. Mama anajua kikohozi cha mwanawe gizani, na Mwalimu alijua mngurumo ule hata kati ya malori. Akatoka mbio, chupa ya dawa mkononi, ndara zikipiga lami, mwuza dawa akimwita nyuma kwamba amesahau chenji. Pijo lilikuwa linapinda kona. Lilikuwa jeupe vilevile, lakini limeng'arishwa. Mzee wa umri wake hakimbizi gari akalipata, hiyo inajulikana. Ila mbele ya lile gari lilipita fuko la plastiki likipeperushwa na upepo, na gari likasimama ghafla, katikati ya barabara, mpaka fuko likavuka salama.

Mwalimu alipofika dirishani, pumzi imemwisha, alikuwa ameshajua nani yuko kwenye usukani.

"Shikamoo Mwalimu!" alisema Bibi Breki. Nywele zilikuwa zimeanza mvi, tepu ya kupimia nguo iko shingoni.

"Marahaba. Umelipata wapi gari langu?"

"Kwa dalali. Kumbe hakukwambia? Aliliuza mtaa wa nyuma ya soko tu pale."

Mwalimu alimeza tusi lililomstahili dalali likiwa zima. Miaka yote ile Pijo lilikuwa linalala karibu kiasi kwamba lingepigwa honi kwa nguvu angelisikia.

Nyuma yao magari yalianza kulalamika. Bibi Breki akamwambia apande, naye akazunguka upande wa kushoto, akakaa. Kiti kilimjua. Aliona haya kwa jinsi macho yalivyomjaa, akajifanya anatia dawa ya macho.

"Umenikuta kwa bahati," alisema Bibi Breki wakiondoka. "Nahama. Dada yangu mgonjwa, nakwenda kuishi naye. Kesho mwenye hoteli anakuja kulichukua hili. Anataka kulipandisha juu ya nguzo pale getini, apande maua kwenye buti."

"Maua!"

"Anasema wageni watapiga picha."

"Niuzie mimi."

"Mwalimu, nimeshamwahidi mtu."

"Niuzie mimi," alirudia, na sauti ilimtoka ndogo. "Nyumba imenishinda. Nakuomba, mwanangu."

Bibi Breki akabadilisha gia. Aliendesha, na Mwalimu, hata katika dhiki ile, akaona kwamba anaendesha vizuri. Anatazama kioo, anatoa ishara, anageuza shingo. Mikono imetulia. Hakukuwa na cha kumsahihisha, na hilo lilimfurahisha kisha likamhuzunisha. Mara mbwa akachomoka kati ya vibanda. Mguu wa Mwalimu uliruka wenyewe, ukakanyaga kwa nguvu zote, ukakuta zulia. Gari lilikuwa limekwisha kusimama. Bibi Breki alikuwa amemwona mbwa kabla hata mbwa hajajiona.

"Pedali zangu ziko wapi?"

"Nilizitoa, Mwalimu. Nilikuwa nampandisha shangazi yangu mbele. Kila akiona mtu wa kumsalimia anakanyaga breki."

Mwalimu akacheka. Ilimshangaza sauti yake mwenyewe, kwa vile hakuwa ameisikia ikicheka muda mrefu. Akacheka hadi mwenzake naye akacheka, na gari likawa kama zamani, watu wawili wanatazama mbele na mdomo hauna mlinzi. Akamsimulia juu ya karani wa benki. Akamwambia kuhusu dalali na ile ndoo. Bibi Breki naye akamweleza habari za dada yake, jinsi anavyoogopa kumkuta amekonda.

"Na mama yetu, marehemu mkeo," aliuliza baadaye, wakipanda mlima wa hospitali, "yeye alikuwa dereva mzuri?"

"Hakuwa dereva."

"Acha! Wewe umefundisha mji mzima."

"Alikuwa akiniomba. Namwambia kesho. Nikirudi jioni sitaki hata kuliona gari." Mwalimu alitazama nje. "Siku moja nilimpeleka uwanjani. Injini ikamzimikia, nikampigia kelele. Akashuka, akaondoka kwa miguu."

"Mimi ulinipigia kelele kila siku."

"Wewe ulikuwa umelipia."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikamfuata nyuma, gia ya kwanza, mpaka nyumbani. Watu wote wanatutazama. Hakugeuka."

"Hakupanda tena?"

"Alipanda," alisema Mwalimu. "Kiti cha nyuma. Mpaka anakufa, kiti cha nyuma."

Bibi Breki akapandisha gari hadi kileleni. Huko akaegesha kando, akavuta breki ya mkono, akamtazama mzee wake kwa mara ya kwanza tangu waondoke. Kisha akatoa simu, akampigia mwenye hoteli, akamwambia samahani sana, gari limepata mwenyewe. Yule bwana alifoka kiasi kwamba Mwalimu alisikia kila neno. Bei walielewana hapo hapo bila kuvutana, maana mmoja hakutaka faida na mwingine hakutaka kupunguziwa.

Bibi Breki mwenyewe ndiye aliyelifikisha hadi bandani. Alilirudisha kinyumenyume, akalisimamisha juu ya lile doa la oili, tairi sambamba na ukuta. Akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

"Umefaulu," Mwalimu alimwambia.

"Nilifaulu zamani, Mwalimu. Ulikuwa hunisikii kwa kelele zako."

Walicheka tena, wakaagana, na yeye akaondoka kwa miguu, maana alikuwa na mizigo ya kufunga. Mwalimu alisimama mlangoni akamtazama mpaka akapotea kwenye kona. Jioni ile alizima redio mapema. Kila mara alichungulia dirishani kuhakikisha, na kila mara Pijo lilikuwepo, na moyo wake ulikuwa mwepesi kama wa bwana harusi.

Asubuhi aliamka kabla ya majirani. Alinyoa ndevu. Alivaa shati jeupe la kazi ambalo kola yake mkewe alikuwa ameigeuza, akalipiga pasi hadi likasimama. Alilifuta gari vumbi, akafungua milango ya banda pande zote mbili, mwanga ukaingia. Jirani akapita. "Naona mzigo umerudi, Mwalimu!" "Umerudi!" alijibu kwa sauti ya mtu mwenye shughuli. Jirani akaendelea na safari yake. Wa pili akapunga mkono. Wa tatu alikuwa anaongea na simu.

Mwalimu akafungua mlango wa gari, akakaa, akafunga mkanda. Akaweka mikono juu ya mapaja. Alitazama mbele, kupitia kioo safi, kwenye barabara iliyokuwa inaanza kujaa watu, akasubiri. Jua liliingia bandani likapanda taratibu kwenye magoti yake. Alisubiri kwa utulivu, kama alivyozoea kusubiri asubuhi zote za maisha yake, na hakuona kwamba kuna lolote lililokosekana.

Simu ikaita. Alikuwa binti yake.

"Baba, umeamkaje? Nasikia mwangwi. Uko wapi?"

"Niko garini. Pijo limerudi, mwanangu. Nimelirudisha."

"Baba! Kweli? Na bado una nguvu za kuzunguka nalo?" Binti alicheka kwa furaha, kisha akakumbuka mafunzo ya baba yake. "Haya, kata simu basi. Wewe ndiye uliyenifundisha, simu na usukani havikai pamoja."

"Siendeshi mimi."

"Nani anaendesha?"

Mwalimu akageuza shingo kulia. Usukani ulikuwa pale, umeng'arishwa, na kiti mbele yake hakikuwa na mtu. Ufunguo ulikuwa kwenye kiganja chake mwenyewe, umepata joto. Alikitazama kile kiti muda mrefu, na waliomjia hawakuwa mabibi harusi wala yule mwanajeshi wala Bibi Breki. Aliyemjia alikuwa mmoja tu, anatembea mbele ya gari, mgongo umenyooka, hageuki.

"Baba? Nani anaendesha?"

"Mama yako," alisema Mwalimu. "Namsubiri."