Utani Wangu na Laurian

Sisi Wanyiramba tunataniana na Wasukuma tangu enzi za babu zetu. Msukuma akija msibani kwako anaweza kuingia kaburini kabla jeneza halijashushwa, akalala humo na kugoma kutoka mpaka apewe kuku, na hakuna wa kumkasirikia. Laurian hakuwa Msukuma. Alikuwa Mrundi, alifika kijijini kwetu, jirani na Nduguti, miaka kumi na moja iliyopita akitafuta kibarua cha vitunguu, na Mrundi huku kwetu hana mtani. Nikamhurumia, nikajifanya mtani wake mimi mwenyewe. Laiti ningemhurumia kwa njia nyingine.

Mimi ni Amosi, na mdomo wangu unajulikana mpaka Iguguno. Nilimwita mkimbizi. "Mkimbizi, umeshakula, au bado unakimbia?" Naye hakuwa mnyonge. "Nilikimbia njaa kwetu," alijibu, "nikaja kuangukia uvivu wenu." Tulicheka mpaka majembe yakatuponyoka.

Alipomwoa dada yangu Lea, utani ukazidi, maana sasa tulikuwa mashemeji. Mama yetu alipofariki, Laurian ndiye aliyelala kaburini akadai kuku. Waombolezaji walicheka huku machozi yakiwatoka. Siku ile nilisema moyoni, huyu sasa ni wetu.

Si wote waliosema hivyo. Vijana walinung'unika kwamba Warundi wanakubali ujira mdogo, na sasa ujira wa kila mtu umeshuka. Hawakukosea. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomlipa kidogo, kwa hiyo nilinyamaza. Lakini Laurian huyo huyo ndiye aliyetufundisha kujenga vichanja vya kuhifadhia vitunguu, upepo upite juu na chini. Zamani tuliuza siku ile ile ya kuvuna, kwa bei anayoitaka mchuuzi, la sivyo vinatuozea. Baada ya vichanja tuliweza kusubiri bei ipande. Mabati mengi unayoyaona kijijini yametokana na vichanja vile, yakiwamo ya wazazi wa wale vijana.

Tatizo ni kwamba hakuwa na karatasi hata moja. Mwenyekiti wa kitongoji alitushauri mimi na Laurian twende naye Singida mjini, tujieleze, tuombe kibali. Laurian alitaka twende mwezi wa sita. Nikamwambia, "Tuvune kwanza, shemeji." Shamba lililokuwa tayari kuvunwa lilikuwa langu.

Ikafika siku ya mnada. Mgeni mmoja aliyevaa shati la kawaida alisimama kwenye vitunguu vyetu, akashangaa jinsi vilivyokauka vizuri, akauliza fundi ni nani.

"Muulize huyu mkimbizi!" nikasema kwa kujisifu. "Alivuka mpaka usiku na sufuria kichwani, na hadi leo serikali inamtafuta!"

Watu wakaangua kicheko. Laurian akacheka. Mgeni naye akacheka, kisha akaacha kucheka, akatoa kitambulisho. Alikuwa afisa wa uhamiaji, na siku hiyo alikuja tu kununua vitunguu vya nyumbani kwake.

"Ni utani, afande," nikasema.

"Utani naujua, mzee wangu. Mimi ni Mgogo." Akamgeukia Laurian, akamuuliza kwa upole, "Kaka, ni utani?"

Neno moja tu lingetosha. Laurian aliniangalia, kisha akaangalia viatu vyake. Alikuwa mtu wa kanisa, uongo ulimshinda.

"Sufuria ni kweli," akasema.

Hakupigwa wala kutukanwa. Baada ya wiki tatu alirudishwa kwao. Mimi na mwenyekiti tulikwenda mjini kumtetea, tukaambiwa kwa adabu kwamba tungekuja mapema ingesaidia. Nililia kwenye ngazi za ofisi ile, mimi mwenye mvi, na sikujali nani ananiona.

Warundi wengine nao waliondoka kwa hofu, na mwaka huu ujira umepanda kama vijana walivyotaka. Nusu ya mashamba hayakulimwa, kwa kuwa wenyewe hatuwezi kuulipa, na hao vijana wengi wamekwenda Manyoni kutafuta kibarua. Ugenini huko sijui wanaitwaje.

Jana asubuhi nilimsindikiza Lea stendi na watoto wake wawili. Anamfuata mumewe. Tangu siku ile ya mnada alikuwa akinisalimia tu, basi. Nilibeba kuku wa kumpelekea Laurian, jogoo mwekundu, na njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kusema. Kwa mara ya kwanza maishani sikuyapata.

Lea akapandisha watoto, akasimama mlangoni mwa basi.

"Kaka, kule mimi ndiye nitakuwa mkimbizi," akasema. "Niombee nisipate mtani."

Basi likaondoka. Lilipopotea njiani nikagundua jogoo bado nimemshika mkononi.