Mguu Uliomsubiri Mheshimiwa

Mguu wa kushoto wa Kokuberwa ulikuwa umevimba hadi ukang'aa kama kibuyu kilichopakwa samli, na kwa sababu hiyo yeye ndiye aliyekuwa mtu wa maana kuliko wote katika kituo cha afya. Alipewa shuka jipya. Mganga mfawidhi, Daktari Byarugaba, alikuja mwenyewe kuukagua mguu, kwa jicho la mtu anayekagua beberu wa sikukuu.

"Waitu daktari," Kokuberwa alisema kwa heshima ya kwao, "leo siku ya tisa tangu nipasuliwe nijifungue. Sindano si ziko kwenye friji? Nimeziona."

"Zipo."

"Basi nichome."

"Subira, mama. Hizo zimetengenezwa kwa mwani, majani ya baharini. Zinazuia damu isigande. Ni mradi mkubwa! Ya kwanza inachomwa mbele ya mgeni rasmi."

"Na zile za siku zote?"

"Ziliisha mwezi wa pili," alijibu kwa fahari, kana kwamba kuzimaliza ilikuwa kazi na ameikamilisha.

Mgeni rasmi alitarajiwa Jumatatu iliyopita. Hii ilikuwa Alhamisi, na bado alikuwa hajafika.

Nesi Mwajabu alicheka kwa pua. "Shangazi zangu Pemba wamepinda migongo kwa kuvuna mwani. Umefika mpaka Karagwe, kumbe umekuja kumngoja mtu amalize supu." Kisha akamvuta daktari kando, ingawa si mbali vya kutosha. "Bonge la damu likipanda mapafuni, huyu mama hatunaye."

"Mwajabu, sanduku la sindano lina utepe. Utepe unakatwa na nani?"

"Na mkasi."

"Na mgeni rasmi!"

Saa tisa alasiri msafara uliingia, magari sita, vumbi lake likatangulia wodini. Sanduku lilitolewa kwenye jokofu likawekwa mezani uani, juu ya kitambaa cha meza. Kwaya ya vijana ikaanza. Kokuberwa alijaribu kuketi, kama alivyoagizwa, ili apendeze. Kitu kikamchoma kifuani. Akakohoa, na kwenye shuka jipya likatokea doa jekundu.

Daktari alichungulia. "Huyu hafai tena. Kamera itaona damu."

"Daktari, mchome sasa hivi!" alisema Mwajabu.

"Mwite Stephania wa jikoni. Miguu yake ni minene tangu kuzaliwa. Mfungeni bandeji."

Kupitia dirishani Kokuberwa alimwona Stephania akiketishwa uani kwenye kiti kilichoandaliwa kwa ajili ya mgonjwa, uso umemkauka kwa hofu. Mheshimiwa alikata utepe. Alisema bahari imewafuata wananchi hadi mlangoni. Makofi. Stephania akapiga yowe.

"Unajisikiaje, mama?"

"Nimepona, mheshimiwa," alisema Stephania, sindano ikiwa bado mwilini.

Mwajabu alikimbilia mezani. Kijana mmoja wa msafara, mwenye suti, alikuwa ameshalikumbatia sanduku.

"Nipe moja tu. Mgonjwa mwenyewe yuko ndani."

"Dada, kesho tunazindua Murongo, keshokutwa kwingine. Zikipungua nitasema nini?"

"Sema kuna mtu anakufa."

"Andikeni barua," alisema, akafunga mlango wa gari.

Ndani, Kokuberwa alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, mdomo wazi, akiitafuta hewa. Nje, kwaya, iliyoagizwa isinyamaze mpaka gari la mwisho lipite, ikaanza ubeti wa tatu.