Aliyemtwika Luhaga

Saa kumi jioni ya Alhamisi, Getruda alikuwa anaanika sare yake ya zahanati kwenye kamba pale babu Luhaga alipoingia uani kwao, Buswelu, na sanduku la mbao kichwani. Alikuwa amekufa tangu mwaka elfu moja mia tisa kumi na saba. Alisalimia "Mwangaluka," salamu ya Kisukuma ya asubuhi, kwa sababu alitwikwa mzigo asubuhi na tangu hapo hakuna aliyemwambia kwamba jua limetua.

Selina, mama yake Getruda, alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Aliinua macho, akamtambua kwa masikio. Masikio yale yalikuwa ya baba yake.

"Getruda, mletee babu yangu maji ya miguu," alisema. "Vumbi lote hilo la wapi, jamani?"

"Mahenge," alijibu Luhaga.

Hakuweza kukaa wala kuingia ndani, kwa maana sanduku liligonga fremu ya mlango. Basi akasimama chini ya upenu, karibu na pipa la maji ya mvua, Selina akamwosha miguu palepale. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na Selina alikuwa na sitini na tano, lakini alimwamkia shikamoo babu, naye akaitikia kama inavyopasa. Kila alipohamisha mguu, ndani ya sanduku kulisikika vikombe vikigongana. Favour, binti wa Getruda mwenye miaka minne, alimzunguka mara mbili akisikiliza.

"Mama, babu ana chai?"

"Ana vikombe tu," alisema Luhaga. "Vya Kapteni."

Ilikuwa hivi. Waingereza walipowafukuza Wajerumani Mwanza, walikusanya vijana wa kuwabebea mizigo ya vita. Luhaga alimwacha mkewe na mimba ya miezi minne, mimba ambayo ndiyo ilikuja kuwa baba yake Selina. Kapteni mmoja aitwaye Wetherby alimtwika sanduku kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia asitue mpaka aambiwe. Kule porini Luhaga akafa kwa homa ya tumbo. Lakini kufa siyo kuambiwa utue, basi akaendelea.

"Nimesikia kuna mtu wa nyumba hii anakwenda Ulaya," alisema. "Nimekuja tufuatane. Nimpelekee mwenyewe mzigo wake."

Kweli alikuwepo. Getruda alikuwa amesoma Kiingereza cha jioni kule Butimba miezi minane, Favour akilala kwenye kanga chini ya dawati, na sasa aliomba kazi ya kuhudumia wazee Uingereza. Usaili ulikuwa Jumatatu, kwa simu ya picha.

Jumamosi walijaribu kumtua. Nathaniel, fundi wa kuchomelea kutoka Igoma, alikuja na wenzake wawili wenye mabega. Walishika sanduku huku na huku, wakahesabu tatu, wakainua. Luhaga aliinuka nalo, miguu ikaning'inia hewani. Wakamrudisha chini taratibu, wakamwomba radhi.

"Huu siyo uzito," alisema Nathaniel akifuta mikono. "Huu ni utaratibu. Aliyemtwika ndiye amtue."

Mama Obedi wa jirani alichungulia juu ya ukuta. "Selina, mgeni wako anakula?"

"Hali."

"Basi mwache akae. Mume wangu mimi yu hai na hasaidii hata kubeba ndoo."

Jumatatu saa sita mchana Getruda aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, mezani pale uani, akavaa blauzi nyeupe. Kwenye kioo alitokea mama wa Kihindi, nywele nyeupe, sweta la kijani. Getruda alianza kwa Kiingereza chake cha Butimba, sentensi ya kwanza sawasawa, ya pili sawasawa.

"Umesema Mwanza?" mama yule alimkata, kwa Kiswahili. "Mwanza hiihii? Mimi Nirmala, mwanangu. Kwetu Makoroboi! Baba alikuwa na duka la vitambaa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Nirmala. "Miaka hamsini sijaitikia hiyo."

Kisha akasogeza uso kwenye kioo. "Huyo nyuma yako ni wako?"

"Ni babu. Tumwondoe?"

"Mwache. Hapa Leicester, kwenye nyumba hii ya wazee ninayoisimamia, kila mhudumu amekuja na wake. Wangu mimi anabeba chuma cha reli, yuko jikoni. Beverly wa zamu ya asubuhi, kwao Jamaika, bibi yake ana tita la miwa, hatuwezi kufunga mlango wa stoo. Kuna kijana wa Punjabi, babu yake na bunduki ya vita ile ya pili. Wazee wetu wa Kiingereza wamezoea. Wanawapita korido, wanasema samahani, wanakwenda kunywa chai. Ukiwauliza nchi yao ni nini, watakwambia ni hiyo chai. Majani hayakuota hapa, wala sukari. Anabeba nini babu?"

"Vikombe. Vya Kapteni Wetherby."

"Wetherby," Nirmala alirudia. "Yupo kwenye jiwe la askari waliokufa vitani, hapa karibu na stesheni. Alifia Mahenge, jina lake wamelichonga. Kila Novemba wanamwekea maua mekundu na kupiga tarumbeta. Yeye ametuliwa."

Luhaga alisogea hatua moja, vikombe vikalia. "Muulize, na waliobeba?"

"Jiwe lilikuwa dogo, babu," alisema Nirmala. "Niliwaandikia wenye jiwe barua kwa ajili ya wangu, na wengine nikawaorodhesha. Walijibu asante kwa kuwasiliana nasi."

Luhaga alitikisa kichwa kidogo, kadiri mzigo ulivyomruhusu. "Nitakwenda hivyohivyo," alisema. "Labda wakiniona."

Nirmala alirudi kwa Getruda. "Kazi umepata, mwanangu. Ila mtoto haji. Sheria yao mpya: mhudumu aje, mtoto abaki. Siyo mimi niliyeitunga."

Favour alikuwa amekaa kwenye mguu wa babu, akihesabu vidole vyake.

"Kwa muda gani?" aliuliza Getruda.

"Wanasema miaka mitatu. Halafu wataona."

Simu ilipokatika, Getruda aliiacha pale mpaka kioo kikazimika. Mshahara wa zahanati ulikuwa haujatoka mwezi wa tatu sasa, na Favour alikuwa anafaa kuanza shule. Alimgeukia Luhaga.

"Babu, wewe ulimwambia bibi unakwenda kwa muda gani?"

"Mwezi mmoja," alisema Luhaga. "Mpaka Tabora tu, halafu narudi."

Selina aliendelea kupepeta choroko. Zilikuwa zimekwisha kuwa safi tangu jana.

Siku ya safari Selina alichana kitenge chake kizuri, kile cha harusi ya Getruda, akasokota ngata mbili. Ya Luhaga ilikuwa imeoza zamani. Alipanda kwenye kigoda, akaipenyeza ya kwanza chini ya sanduku polepole, na babu akafumba macho kwa raha.

"Na ya pili, mama?" aliuliza Getruda. "Mimi nina sanduku la magurudumu."

Selina alimwekea kichwani, akaibonyeza ikae, kama anavyowekewa msichana anayetumwa maji kwa mara ya kwanza.

Getruda alimbeba Favour mpaka barabarani, akamnusa shingoni, akamwambia atarudi akiwa na viatu vyenye taa. Uwanja wa ndege walikagua karatasi zake moja moja, wakazigeuza, wakamuuliza maswali mawili juu ya mtoto. Luhaga alipita kando yao vikombe vikilia. Hakuna aliyemzuia. Mbeba mizigo hajawahi kuulizwa pasi.

Novemba Getruda alipiga simu. Kule Leicester ilikuwa saa saba mchana, Buswelu saa kumi jioni. Alikuwa jikoni kwa Nirmala, kakonda kidogo, anacheka. Nyuma yake korido ilikuwa imejaa: chuma cha reli, miwa, bunduki, na mwisho kabisa, karibu na mlango, sanduku la mbao juu ya ngata ya kitenge. Mbali nje tarumbeta ilikuwa inapigwa.

"Babu walimwona?" aliuliza Selina.

"Walimpisha apite. Walimwambia samahani."

Favour aliinyakua simu. "Shikamoo mama!"

Getruda alikuwa amevaa ngata kichwani. Alinyoosha shingo pole pole, kama mtu anayeogopa kumwaga.

"Mwangaluka, mwanangu," alisema.

Selina alitazama saa ya ukutani, akatazama kivuli cha mpapai kilichofika ukutani kwa Mama Obedi. Hakumwambia kwamba ni jioni.