Ng'ombe wa Sericho

Ekiru hakuwa na ng'ombe hata mmoja, lakini mtaa mzima wa Chechelesi ulijua kwamba ng'ombe wake wako Sericho. Walianza wakiwa kumi, siku ile alipomchukua Sharon awe mkewe bila mahari na ujumbe ukaja kutoka kwa wakwe, Leparua, kuuliza kulikoni. Akajibu kwamba malisho ya huku ni mabaya, mifugo imepelekwa mbali. Uzuri wa Sericho ni kuwa hakuna mwenye akili timamu atakayesafiri hadi huko kuhesabu ng'ombe wa mwenzake. Kila ujumbe ulipokuja, ng'ombe walizaa. Kufikia mwaka huu walikuwa arobaini, na mwenyewe bado alikuwa akichanganya simiti kwa vibarua vya kutwa.

Babake Sharon, Mzee Lokorio, yeye alikuwa tajiri wa ng'ombe wa kweli. "Nikipiga mluzi huku Leparua," alipenda kutuma salamu, "vumbi linafika hadi mjini." Ekiru hakuwahi kuliona vumbi hilo, maana mkwe asiyetoa mahari hakanyagi boma la wakweze.

Sasa walikutana hospitalini. Mtoto alikuwa amekingama tumboni mwa Sharon, na Daktari Murithi alikuwa ameshasema: apasuliwe leo, Ijumaa. Zamani chumba cha upasuaji kilifunguliwa siku yoyote mtu alipohitaji kupasuliwa. Lakini hospitali hii ya jamii ilikuwa imeboreshwa, na tangu iboreshwe chumba hicho kilifunguliwa Jumanne na Ijumaa tu, mwisho saa kumi. Wagonjwa hawakuitwa tena wagonjwa, waliitwa wateja. Dawa hazikuwepo, ila palikuwa na skrini kubwa ukutani iliyowatakia wateja afya njema.

Kilichobaki kilikuwa bima. Ile ya zamani ilikuwa imezikwa, na kwa hii mpya kila mkuu wa familia alipaswa kuulizwa maswali, kompyuta ipime uwezo wake, kisha alipe mchango wa mwaka mzima kwa mpigo mmoja. Asipolipa, mlango wa upasuaji haufunguki. Chumba cha maswali alikuwa amepewa Afisa wa Faraja ya Mteja, kwa hiyo meza ya bima ilihamishiwa varandani, katikati ya foleni ya chanjo na foleni ya maabara. Faraja ndiyo hiyo.

Ekiru alikuwa na pesa za kutosha mchango wa mtu wa chini kabisa, amezikunja mfukoni. Nyuma yake, juu ya kigoda chake, aliketi Mzee Lokorio mwenyewe, naye akisubiri zamu kwa sababu ya kikohozi. Alikuwa amekuja mikono mitupu. Binti anajifungua, na baba hata kibuyu cha samli hakubeba! Ekiru alijua hiyo ni dharau, na ilimchoma.

"Nyumba ni ya mabati ama ya mawe?" aliuliza Makandi, karani wa bima, kwa sauti ambayo ingeuza miraa soko zima.

"Mabati."

"Choo ni ya maji ama ya shimo?"

"Ya shimo. Ya jirani."

Foleni ya chanjo ikacheka.

"Mifugo?"

Ekiru alizishika zile pesa mfukoni. Nyuma yake kikohozi kilinyamaza ghafla. Akisema hana kitu, Sharon atapasuliwa, lakini mzee atamrudisha binti yake Leparua, na mjukuu juu yake, kabla mshono haujapona.

"Sema na sauti. Mfumo haisikii minong'ono."

"Ng'ombe arobaini," akasema Ekiru. "Ziko Sericho."

Makandi akabonyeza. Kompyuta ikawaza, ikatoa mchango. Ekiru alipoziona tarakimu zile alidhani ni nambari ya simu ya mtu.

"Unalipa na simu ama na benki, bwana tajiri?"

Saa tisa na nusu ilikuwa imepita. Mlango wa wodi ukafunguliwa, na sauti ya Sharon ikatoka, sauti ya mtu anayejikaza asilie. Ekiru aliona haya mpaka kwenye nyayo. Mwanamume huubeba uongo wake miaka na miaka, umvunje mgongo apendavyo mwenyewe, lakini si haki mzigo huo ukabebwe na mkewe kitandani.

"Futa hizo," akasema. "Sina ng'ombe. Sina hata mbuzi. Sijawahi kuwa nao. Nilidanganya."

"Mficha uchi hazai!" akasema mama mmoja kwenye foleni ya chanjo, na wenzake wakaitikia.

Ekiru hakuthubutu kugeuka nyuma.

Lakini mfumo, ndugu zangu, haujui toba. "Ng'ombe ikishaingia haitoki hivi hivi," Makandi alisema akiisoma kompyuta. "Inatoka ikiuzwa, ikiibiwa ama ikikufa. Hii ya kusema haikuwahi kuwa, hakuna mahali ya kubonyeza."

"Basi weka zilikufa!"

"Lazima kuwe na shahidi, mtu mzima. Aseme zilikufa namna gani."

Kigoda kikakwaruza sakafu. Mzee Lokorio alikuwa amesimama.

"Mimi niliona," akasema.

Makandi alimtazama, akaitazama saa, akautazama mlango wa wodi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amewekwa kati ya watu na mashine. "Haya mzee. Ya kwanza?"

"Nakwang, ile nyeupe. Ililala kwa njia ya maji, ikakataa kuamka. Nilikaa nayo nikifukuza fisi. Nameri, ile ya madoa, ilikula karatasi za plastiki sababu hakukuwa na nyasi. Na Lomeri, dume langu. Hiyo nilikuwa naiimbia. Ilikuwa inanifuata mpaka siku ya mwisho, inadhani niko na chakula."

Mwanzoni watu walikuwa wakicheka, maana wote walikuwa wamesikia kwamba ng'ombe hao hawakuwahi kuwepo. Kufikia wa tatu hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa akilia waziwazi, na hakuna anayemlilia hivyo ng'ombe wa kubuni. Ekiru aligeuka hatimaye. Akaiangalia ile mikono mitupu, akaelewa kwamba haikuwa dharau. Samli haikuwepo kwa sababu maziwa hayakuwepo, na vumbi la Leparua lilikuwa limetulia tangu ukame. Akamhurumia mzee yule kuliko alivyowahi kumwogopa.

Makandi alijifuta macho, akaandika kwamba wengine wote walikufa vivyo hivyo. Mchango ukashuka mpaka chini kabisa. Ekiru akalipa, na kabla ya saa kumi kitanda cha Sharon kikasukumwa kuelekea upasuaji.

"Mwingine!" akaita Makandi.

Mzee akasogeza kigoda chake mezani. Akajibu ya nyumba, akajibu ya choo.

"Na mifugo, mzee?"

Lokorio alimtazama Ekiru, ambaye mpaka siku hiyo mzee alikuwa akimwita tu "huyo kijana wa Chechelesi".

"Andika kama ya mkwe wangu," akasema.