Mama wa Spana

Mdomo uliponza kichwa, husemwa. Wa fundi cherehani uliponza nyumba nzima.

Jeshi la wageni lilipouteka mji, lilianza kwa kuhesabu watu. Karani alipita nyumba kwa nyumba na daftari, akiuliza kila mama ana watoto wangapi. Fundi, mjane mwenye mabinti wawili, alijibu bila kupepesa macho kwamba anao watatu, na wa tatu akamtaja kwa jina lake la gereji: Spana. Kwa kuzaliwa, Spana alikuwa wa dada yake, nyumba ya ukuta wa pili. Lakini alikula kwa fundi, alilala kwa fundi, na kwetu mtoto wa dada ni wako. Karani akaandika.

Dada mtu yeye alisema hana mtoto. Ndiyo, huyo huyo aliyesimama kibarazani miaka ishirini akimtangazia kila mpita njia kwamba mdogo wake ni mwizi wa watoto, hajui kuzaa wa kiume ndiyo maana anamnyemelea wa mwenzake. Kijana naye alikumbushwa kila siku: yule ni mama mdogo, na mdogo ni mdogo tu. Fundi akachoka, akaacha kumsalimia. Mwaka wa tatu huo walikuwa wakipishana bombani kama watu wasionyonya ziwa moja.

Kisha Spana akaingia msituni na wenzake. Malori mawili ya jeshi yalipolipuliwa, wageni wakaanza msako. Si huko msituni, la, huko walishazika wa kutosha. Walirudi mjini kwa wasio na bunduki. Amri ikabandikwa sokoni: kijana asiyeonekana, nyumba ya mama yake inachomwa.

Asubuhi moja wakafika kwa fundi na daftari na madumu ya petroli. Mabinti walitolewa nje, majirani wakasukumwa waje kutazama. Mkalimani, mtu wa hapa hapa aliyejifunza kuzungumza pua juu, aliuliza yuko wapi wa tatu. Jirani mmoja akaropoka kwamba huyo si wa fundi, ni wa dada yake. Kapteni akacheka. Kwake ilikuwa mamoja, alisema kupitia mkalimani. Nyumba moja itaungua, wao waamue ipi. Dada akaletwa, upawa bado mkononi.

"Spana ni mtoto wa nani?" mkalimani alimwuliza.

Dada aliyatazama madumu, akalitazama paa lake.

"Wake huyo," alisema. "Mimi sina mtoto."

Lo, fundi alikuwa amelingoja neno hilo miaka ishirini. Alilitamani kuliko mume wa pili, na sasa limemjia likinuka petroli.

Angeweza kukana. Mtaa mzima ulijua nani alimzaa Spana, na binti yake mkubwa alikuwa akimtikisia kichwa, akimsihi kwa macho amkane. Na msimsifu kwa wema, maana asubuhi hiyo hakuwa na hata chembe. Alikuwa na hasira tu. Mama mzazi kamkana mwanawe mbele ya adui; na huyu wa pili akimkana, kijana atarudi kwa nani?

"Ni wangu," alisema. "Acha ilivyoandikwa."

Wakampa muda wa kutoa kitu kimoja. Alitoa kichwa cha cherehani, meza yake ikabaki ndani. Kabla ya saa sita paa lilikuwa chini, na nyumba ya dada ilipata masizi ya ukutani tu.

Wanajeshi walipoondoka, dada alikuja pale barabarani walipokaa, akilia, ufunguo mkononi. Akasema chumba cha nyuma ni kitupu, waje walale. Akasema aliogopa, na damu ni nzito kuliko maji, na mdogo wake asimhukumu, kwani uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

"Mwanangu akirudi," alisema, "nitamwambia mwenyewe yaliyotokea."

Fundi aliwaambia mabinti wasimame. Akajitwika kile kichwa cha cherehani, akakiweka sawa.

"Mwanao yupi, dada?"