Fundi Hashuki Kimya

Ko, ko, ko.

Kimya kidogo, kisha tena: ko, ko, ko, safari hii karibu zaidi, upande wa migomba. Marselino alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, akakodolea macho ukungu wa asubuhi uliokuwa umeimeza hata banda la mbuzi. Alidhani kuna mtu anapasua kuni. Lakini kuni hupasuka; kitu hiki kilikuwa kinazama.

Ukungu ulipoinuka akawaona. Wanaume watatu, mmoja na nyundo, mmoja na kamba ndefu, wa tatu na karatasi pana aliyoishika kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nyuma yao vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu vilikuwa vimejipanga tangu stendi ya mabasi, vikakatiza shamba la mihogo la jirani, na cha mwisho kilisimama mbele ya uwanja wa mama yake.

Aliyeshika karatasi alikuwa Elisante, afisa ardhi, Mpare aliyehamishiwa Kibondo mwaka uliopita. Alikuwa mtu wa adabu. Alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae." Mama Marselino alishafuta kigoda kwa upande wa khanga.

"Tunapima mji, mama. Barabara itapita hapa. Kila mwenye nyumba atapewa kiwanja kingine kule juu, karibu na shule. Sasa, hii nyumba ni yako?"

Mama alicheka kidogo, akatazama chini. "Nyumba ipi, baba? Hapa hakuna nyumba. Tunajikinga mvua tu."

Elisante aliitazama ile nyumba ya nyasi, akamtazama mama, akaandika. Mama akamletea ndizi za kuchoma na kibuyu cha togwa. Akala, akanywa, akashukuru, akaenda zake. Ko, ko, ko.

Marselino alisikia kila neno na hakuona kosa. Angeona kosa kama mama angejibu vingine. Katika vilima vile hakuna mwanamke aliyelelewa vizuri anayeisifu nyumba yake mbele ya mgeni. Mgeni akisema nyumba ni nzuri, unasema ni majani tu. Akisema chakula ni kitamu, unasema umepika maji. Hata mtoto wa miaka saba anajua.

Elisante hakuzaliwa huko.

*

Mwaka ule wa 1996, Kibondo ilikuwa inakua kama mtoto aliyeugua akapona: ukigeuka, nguo hazimtoshi. Tangu vita vya Burundi viwavushe watu mpaka, na kambi kufunguliwa, mashirika yalikuja na magari meupe, maghala marefu na mnara wa redio uliopita miti yote kwa kimo. Wageni walitaka vyumba. Waliokuwa na nyumba mbili walijenga ya tatu. Na Bazilio, aliyewahi kuuza chumvi na sabuni kwenye meza ya mbao, alikuwa anamalizia ghorofa, la kwanza mjini, hatua mia tu kutoka kwa Mama Marselino.

Marselino alifanya kazi kwenye ghorofa hilo. Alikuwa fundi wa bati, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwepesi wa nyundo na mwepesi zaidi wa hasira. Marehemu baba yake, Niyibizi, alikuwa fundi wa nyasi. Hakukuwa na kilima kati ya Murungu na mjini ambacho Niyibizi hakuwahi kupanda paa lake. Lakini Marselino aliiacha nyasi mapema. Vijana wenzake walikuwa wanasema nyasi ni kazi ya wazee na panya.

Orodha ya waliopewa viwanja ilibandikwa ofisini siku ya Jumatatu. Marselino aliisoma mara tatu kutoka juu kwenda chini, na mara moja kutoka chini kwenda juu. Jina la mama yake halikuwemo.

Aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Mmemuonea mama yangu! Kwa sababu ni mjane? Au kwa sababu Bazilio anautaka uwanja wetu aegeshee magari?"

Elisante alimwacha amalize. Kisha alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari. "Soma mwenyewe, kijana."

Marselino akasoma: *Hakuna nyumba. Mahali pa kujikinga mvua.*

"Hayo ni maneno yake," Elisante alisema. "Sikuongeza nukta. Sheria inampa kiwanja mwenye nyumba. Kama kuna kosa, mwenye mali aje aseme mbele yangu na mashahidi kwamba ana nyumba. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi."

"Hata wewe uliiona nyumba!"

"Niliona majani, nikamuuliza mwenyewe. Ningemwita mama wa watu mwongo?"

Jioni Marselino alimweleza mama yake. Mama alikuwa amepiga magoti anachagua maharage, na hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo twende kesho, mama. Useme tu neno moja."

"Niseme nini?"

"Kwamba una nyumba. Nzuri, imara, ya miaka ishirini."

"Nijisifu mbele ya watu?" Sasa aliinua kichwa. "Mimi? Marselino, tangu lini mwenye nyumba akaitaja nyumba yake? Anayeitaja ni fundi."

"Fundi amekufa, mama."

"Ndiyo, amekufa." Mikono yake ilirudi kwenye maharage. "Na mwaka juzi nyasi za paa zilipooza upande wa mvua, kuna fundi mwingine alipanda akaziba. Aliziba vizuri. Kisha akashuka kimya kama mwizi wa kuku. Sasa nani aitaje?"

Fundi huyo alikuwa Marselino mwenyewe.

Kwa watu wa huko, fundi akifunga nyasi za mwisho kileleni hashuki hivihivi. Hukaa juu, akaitaja nyumba kwa sauti, sifa zake na za mikono iliyoijenga, na mwanamke wa nyumba humwitikia kutoka chini: *Ego, umejenga!* Ego ni ndiyo kwa Kiha, lugha ya huko. Hapo ndipo fundi hushuka, akanywa pombe ya ndizi, na nyumba ikawa nyumba. Niyibizi alikuwa na sifa za kuwachekesha wazee mpaka wakashikilia mbavu. Lakini siku ile, mwaka juzi, vijana wenzake Marselino walikuwa wanapita njiani na baiskeli, na yeye aliona haya kuonekana juu ya nyasi. Akashuka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amesimama uani, mdomo tayari kuitikia. Alingoja, kisha akaingia ndani.

*

Jumamosi ya mwisho wa mwezi walifunga kofia ya bati, lile la mwisho la kileleni, kwenye ghorofa la Bazilio. Marselino alikuwa juu na Nsabimana, fundi mtu mzima aliyetoka Burundi mwaka wa sabini na mbili na ambaye kwa miaka hiyo yote hakuacha kulalamikia baridi ya Kibondo.

"Wewe leo unapiga msumari kama unampiga mtu," Nsabimana alisema. "Bati halina kosa, mdogo wangu."

"Nampiga Bazilio."

"Basi mpige taratibu. Hajatulipa."

Marselino alijikuta anacheka. Alijinyoosha kupumzisha mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu wapande akautazama mji.

Hakuwahi kuuona hivyo. Mabati mapya yalimetameta, na kati yake mapaa ya nyasi yalikaa kama kuku waliolalia mayai, machache kuliko alivyofikiri. Aliyahesabu: tisa. Maghala meupe yalilala bondeni. Na kutoka stendi, mstari wa vigingi vyekundu ulinyooka bila kupinda, ukapita kwenye banda la mtu huyu na choo cha mtu yule, ukapita katikati ya uwanja wa mama yake, ukafika maghalani. Uliliacha ghorofa kando. Ulimega hata kona ya ukuta wa Bazilio mwenyewe.

"Nsabimana. Ile barabara haimfuati Bazilio."

"Nani alikwambia inamfuata? Barabara inafuata malori."

Wiki nzima Marselino alikuwa amelala na kuamka na hasira juu ya mtu mmoja, na kumbe mtu huyo naye alikuwa anavunjiwa ukuta. Nyumba ya baba ingeondoka, hata kama Elisante angekuwa malaika. Kilichobaki ni kama ingeondoka ikiwa nyumba, au ikiwa takataka.

Chini watu walikuwa wamejaa. Bazilio alialika mji: wafanyabiashara, katekista, watu wa ofisi, na Elisante akiwa amevaa suruali ya kitambaa. Katikati, kwenye kiti cha mikono, alikaa bibi Esteri, mama yake Bazilio, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti ya tarumbeta. Elisante alimwinamia.

"Shikamoo, bibi. Hongera. Nyumba nzuri sana hii. Mkoa huu nimeona chache."

Bibi Esteri alitikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Nyumba ipi, mjukuu wangu? Hapa hakuna nyumba. Tunajikinga mvua tu."

Watu waliendelea na mazungumzo yao. Hakuna aliyesikia jambo la ajabu. Elisante peke yake alisimama palepale, kinywa wazi kidogo, akaanza kulipima ghorofa kwa macho, chini mpaka juu, dirisha kwa dirisha, mpaka macho yake yakakutana na ya Marselino ukingoni mwa bati.

"Bibi," alisema polepole, "umesema hakuna nyumba?"

"Sasa ulitaka nijisifu? Mama yako hakukufunza? Hebu ngoja fundi aseme, ndiyo kazi yake. Wewe huko juu! Mtoto wa Niyibizi! Utaitaja, au bati limekutoa ulimi?"

Watu wakacheka. Marselino alisimama. Aliweka nyundo kiunoni, akaitaja nyumba ya Bazilio, bila chuki, kwa Kiha, kama baba yake angefanya: kuta za matofali yaliyochomwa kwa kuni za mlimani, ngazi inayomfanya mgeni ahesabu dhambi zake akipanda, bati ambalo jua litaliona kabla ya kumwona jogoo. Bibi Esteri akaruka kitini.

"Ego! Umejenga! Shuka unywe!"

Nsabimana alikuwa keshashika ngazi. Marselino hakusogea.

"Bado moja," alisema.

"Moja ipi?" Bazilio aliuliza kutoka chini. "Nina ghorofa moja tu, bwana!"

"Bado nyumba moja sijaitaja. Nilishuka kimya."

Aligeuka kuwapa kisogo, akaelekeza uso kule palipokuwa na paa la nyasi lenye kiraka cha rangi nyingine upande wa mvua. Mama yake alikuwa uani na ungo wa maharage mkononi. Hakuja kwenye sherehe. Alisema hana nguo. Marselino alimwona ameinua uso. Alipofungua mdomo, alisema kwa Kiswahili, ili mtu mmoja aliyekuwa chini asikie kila neno:

*Kazi yake Niyibizi, aliyefunga kwa kamba,*
*Masika hayapenyezi, tone halijui chumba,*
*Upepo hauiwezi, umepita ukiimba,*
*Mimi shahidi wa kazi, natamka: hii nyumba!*

Sauti yake ilipita juu ya vichwa, ikavuka vigingi. Watu wakageuza shingo wote pamoja. Kule uani yule mwanamke alisimama na ungo wake. Mtu angesema hakusikia. Kisha aliweka ungo chini, taratibu, mahali pakavu, asimwage hata punje. Akajifunga khanga vizuri.

"Ego!" Ilikuja sauti nyembamba, lakini ilifika. "Ego, umejenga!"

Bibi Esteri alipiga vigelegele. Nsabimana, juu ya ngazi, alikuwa anafuta macho na kulaumu vumbi la bati.

Marselino alishuka. Elisante alikuwa anamngoja chini ya ngazi na kalamu mkononi.

"Twende kwa mama yako," alisema. "Mashahidi ninao, mji mzima. Ila nikuambie ukweli, kijana: barabara siwezi kuipinda."

"Najua. Nimeiona."

Walivuka uwanja. Safari hii Elisante hakungoja kigoda. Alisimama mbele ya mama, akafungua daftari, akaukata ule mstari wa zamani kwa kalamu. "Mama, nimeandika nyumba. Moja, imara, ya Niyibizi fundi. Kiwanja chako kitakuwa kule juu, mkono wa kulia wa shule."

"Ah, baba," mama alisema akitazama chini, "ni majani tu."

"Ndiyo, mama," Elisante alijibu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nimesikia."

Alipoondoka, mama alikaa akitazama paa. Moshi wa jikoni ulikuwa unachuja kwenye nyasi, taratibu, kama kawaida yake.

"Kule juu hawataki nyasi," alisema.

"Hawataki, mama. Ni bati."

"Bati lina kelele mvua ikinyesha. Sitasikia hata nikiitwa."

Marselino alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono iliyokuwa bado na vumbi la maharage, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa njiani na baiskeli waliisikia:

"Nitakuezekea mimi, mama, kabla ya masika. Na siku ya kufunga kofia nitakaa juu, nitaitaja mpaka wakimbizi wa kambini wasikie, na sitashuka, hata ninyeshewe, mpaka uniitikie."